Kutoka habari kwenda hadithi

Mswada wa riwaya ulioandikwa na mwandishi wa habari huwa nautambua kabla sijafika ukurasa wa tatu. Tahajia haina kasoro, sentensi zimenyooka, aya ni fupi. Na mpaka hapo nimeshaambiwa nani kafa, nani kamuua, kwa sababu gani, na jamii ichukue funzo lipi. Zimebaki kurasa mia mbili na ushei ambazo sina tena sababu ya kuzisoma, ila nazisoma kwa kuwa ndiyo kazi inayonipa ugali.

Siwasemi waandishi wa habari peke yao. Walimu, wanasheria, watafiti na watu wa miradi nao hufika na bahasha zao, na kila mmoja ana alama zake. Mwalimu hufafanua. Mwanasheria hujihami. Mtafiti hawezi kumwacha mhusika alie mpaka athibitishe kwamba wajane wengi hulia. Mtu wa mradi humaliza riwaya kwa mapendekezo. Wote huniuliza swali moja wakishaketi: hivi mimi nina kipaji cha kutunga? Mimi naona wanahangaikia jambo lisilo na tabu. Watu hawa wana macho na masikio kuliko wengi wanaojiita wabunifu: wamekaa mahakamani, wamelala vijijini, wanajua mgonjwa akihamishwa wodi anabeba nini mkononi. Wanachokosa ni kitu kimoja. Hawajazoea kukaa na jambo wanalolijua bila kulisema.

Hawakulelewa hivyo. Kwenye chumba cha habari unafundishwa piramidi iliyopinduliwa: lililo zito linakaa juu, lililo jepesi linashuka chini, ili mhariri akikosa nafasi akate mkia na habari ibaki nzima. Ni utaratibu wa haki. Msomaji wa gazeti yuko kwenye daladala, kituo kinachofuata anashuka, na anastahili kujua bei ya sukari imepanda kabla hajajua waziri alivaa nini. Mwandishi anayemficha jambo analolijua amemdhulumu. Msomaji wa hadithi amekuja na makubaliano mengine. Ameketi kwa hiari yake, ana muda, na anataka kulijua jambo kwa mpangilio utakaomfanya ashindwe kufunga kitabu. Anayempa yote mara moja amemnyima alichokifuata.

Historia ya riwaya yetu inaonyesha kwamba safari hii si ngeni. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alianza kazi kama mkaguzi katika idara ya afya, mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia 1958 alihariri Mkulima, jarida la kilimo, kwa miaka kumi. Hebu fikiri: mtu ambaye mezani kwake mna makala za mazao, za kueleza kitu kinyooke mpaka mkulima akielewe, ndiye aliyetupa mpelelezi Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, ukatoka kitabu mwaka 1960. Hadithi ya upelelezi kwa mtu wa habari ni shule kali, maana kanuni yake ya kwanza inapingana na kazi ya mchana ya mtu huyo. Mwandishi anamjua muuaji, Bwana Msa naye anamjua mapema kuliko sisi, ila msomaji anaachwa atembee na Najum, rafiki asiyejua, anayeuliza yale ambayo hata sisi tungeuliza. Taarifa zote zimo mle. Zimepangwa tu kwa namna ambayo tunazipita bila kuzitambua.

Sasa tulitazame jambo lenyewe kwa karibu. Tuseme nimetunga habari hii fupi, ya aina inayotoka kila wiki:

"Mkazi mmoja wa pembezoni mwa jiji mwenye umri wa miaka 71 hatimaye amekabidhiwa hati ya kiwanja chake baada ya kuifuatilia kwa miaka 19. Akizungumza mara baada ya kukabidhiwa, mzee huyo alisema ameipokea kwa furaha na kuwataka wananchi wenzake wasikate tamaa. Aliongeza kuwa changamoto kubwa ilikuwa kupotea kwa faili mara kwa mara."

Mwandishi aliyeiandika akitaka kuigeuza hadithi, jaribio lake la kwanza huwa hivi: Mzee Athumani alikuwa mtu mvumilivu aliyeteseka kwa miaka mingi akifuatilia hati yake, huku maofisa wasio na huruma wakimzungusha. Hapo amebadilisha nini? Ameongeza jina na akaongeza hukumu. "Mvumilivu" ni hukumu, "wasio na huruma" ni hukumu. Kabla mzee hajafungua mdomo kesi imeshaamuliwa, na msomaji hana la kufanya isipokuwa kukubali.

Mimi humrudisha kwenye maswali madogo. Katika siku zote za miaka hiyo 19, hadithi ni siku ipi? Si ya kwanza, maana hiyo ni maelezo, wala si ya kukabidhiwa, maana hiyo imeshapigwa picha na gazeti. Chagua Jumanne moja isiyo na sifa. Siku hiyo mzee anataka nini? Ukijibu "hati", umekosea. Hati anaitaka miaka yote. Leo anataka kijitu kidogo, labda namba ya risiti iandikwe kwenye daftari, basi. Amebeba nini? Nani yuko mbele yake? Na huyo aliye mbele yake naye anataka nini? Kwa maswali hayo unaweza kufika hapa:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Faili bado."

Mzee akatoa bahasha ya kaki iliyozibwa pembe zote nne kwa selotepu, akaiweka juu ya kaunta, akaipapasa mpaka ikalala.

"Nimekuja na risiti."

"Risiti nakala ninayo, babu. Si uliniachia Ijumaa?"

"Ile ya Ijumaa ya kodi. Hii ya upimaji."

Binti akamtazama mtu aliyesimama nyuma ya mzee, akatabasamu kidogo.

"Babu, hebu wapishe wenzako."

Mzee hakuifungua ile bahasha.

Si fasihi ya kupewa tuzo, ila tazama kilichotokea. Miaka 19 haikutajwa, na bado tunajua kwamba hawa wawili wamezoeana. Binti anajibu swali kabla halijaulizwa. Neno uvumilivu halimo. Ofisa katili hayumo pia: yupo binti mwenye adabu zote, anayeamkia vizuri, na adabu yake ndiyo ukuta wenyewe. Huyo anaumiza kuliko ofisa katili, kwa sababu msomaji hawezi kumchukia akamalizana naye. Na ile tofauti ya risiti ya kodi na risiti ya upimaji haikutoka kwenye kipaji. Imetoka kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya ardhi akiandika habari. Hapo ndipo ninapomwambia mwandishi kwamba daftari lake la zamani ni mali. Mambo aliyoyakata kwa kukosa nafasi ukurasani, ile selotepu, yule mtu wa tatu kwenye foleni, ndiyo hasa anayoyahitaji sasa.

Lugha nayo inabidi ibadilishe mwendo. Habari yetu ya Kiswahili imejenga msamiati wake: alisema, aliongeza kuwa, alifafanua kuwa, alibainisha, imeelezwa, inadaiwa. Kazi yake ni kuweka umbali kati ya mwandishi na jambo, na gazetini umbali huo unalinda kila mtu. Ukihamia kwenye hadithi, "imeelezwa" ni tundu: nani kaeleza, kwa nani, akiwa amesimama wapi? Vitenzi vya kusema navyo havihitajiki kwa wingi huo. Rudia yale mazungumzo ya pale kaunta. Hakuna "alisema" hata moja, na hukupotea, kwa sababu "babu" na "mjukuu wangu" vimekuambia nani anaongea, na juu ya hapo vimekueleza umri na cheo. Kiswahili kinatupa kazi na nafuu kwa pamoja katika jambo hili. Kiambishi a- hakisemi kama mtu ni mke au mume, kwa hiyo ukiweka wanawake wawili na mwanamume mmoja chumbani, ukaandika "akamwambia", msomaji anapotea mara moja. Dawa yake si kurundika majina. Ni kuwaacha watu waitane kama wanavyoitana: shemeji, mwanangu, bosi, dada.

Halafu kuna -ka-. Mwandishi wa habari anaandika kwa -li- kutoka mwanzo hadi mwisho, kila tendo limesimama peke yake kama ushahidi mahakamani. Bibi zetu wanahadithia kwa -ka-: tendo moja linalivuta lenzake, akatoa, akaweka, akapapasa, na msikilizaji anavutwa nalo. Ila mwandishi akishaigundua -ka- huwa haachi. Nimesoma kurasa ambazo watu wanaamka wakaoga wakanywa chai wakafunga mlango wakapanda bodaboda, yote kwa uzito mmoja, mpaka mtu anapopigwa risasi naye anapita kama kikombe cha chai. Mwendo unahitaji kukatizwa. "Mzee hakuifungua ile bahasha" ni sentensi fupi ya kukanusha baada ya mfululizo wa matendo, na kwa sababu hiyo tu jicho linasimama pale.

Swali linalofuata huwa: kwa hiyo nisieleze chochote? Watu wamesikia mahali kwamba mtunzi aonyeshe na asieleze, wameifanya sheria, na sasa wananiletea hadithi ambazo siwezi kujua tuko nchi gani. Mfano ninaoupenda wa kuivunja sheria hiyo ni wa Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alikamilisha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na msomaji wa Kiswahili akakipata mwaka 1980 kwa tafsiri ya mwandishi mwenyewe. Nia yake ilikuwa ya mtu wa kumbukumbu: alitaka mila za Wakerewe zisipotee. Kitabu kimejaa maelezo kuanzia kilimo hadi tiba na pombe ya ndizi. Kwa kanuni za darasani kilipaswa kuchosha. Kinachokiokoa ni kwamba ameyafunga maelezo kwenye haja ya watu wawili. Wanandoa hawapati mtoto, wazazi wa Bugonoka wamemchukua binti yao, na Myombekere akitaka kumrudisha mkewe lazima apeleke pombe ukweni. Baada ya hapo, namna ya kutengeneza pombe si darasa la mila tena. Pombe ikiharibika, mke harudi. Unayasoma maelezo ya upishi huku moyo unadunda. Kwa hiyo, mtaalamu, eleza unavyotaka, lakini hakikisha kuna mtu ndani ya hadithi ambaye maelezo hayo yanaamua usiku wake.

Kuhusu nani asimulie sitakaa sana, kwa sababu linajifunzwa kwa kujaribu kuliko kwa kusomewa. Itoshe kusema kwamba mtu wa ripoti hajawahi kulichagua jambo hili. Gazetini yeye ni "mwandishi wetu", kwenye ripoti ni "timu ya tathmini", yaani hayupo. Akiingia kwenye hadithi huandika "mimi" akidhani ni yeye. Ken Walibora, aliyefahamika kwa Wakenya wengi kwa utangazaji, aliandika Siku Njema, iliyotoka 1996, kwa nafsi ya kwanza. Anayesema "mimi" ni Kongowea Mswahili, kijana aliyebuniwa. Baadaye Walibora aliandika tawasifu yake halisi, Nasikia Sauti ya Mama. Anayetaka kujua "mimi" wa kubuni anatofautianaje na "mimi" wa kweli asome vitabu hivyo viwili kwa kufuatana. Itamfaa kuliko semina.

Ninapobishana na waandishi mpaka chai inapoa ni kwenye ukweli. Nikisema tukio fulani halishawishi, jibu huwa tayari mdomoni: "Lakini ndivyo ilivyotokea!" Gazetini jibu hilo linamaliza ubishi. Kwenye hadithi halina nguvu hata kidogo. Kama mdaiwa wako alikutana kweli na mdai wake kwenye kivuko cha Kigamboni siku ileile aliyopata fedha, ni habari nzuri. Kwenye riwaya, msomaji atasema mwandishi ameishiwa. Ya duniani hayahitaji sababu ili yatokee. Ya kwenye hadithi yanahitaji, na sababu yenyewe itokane na tabia za watu tuliowaona wakiishi.

Adam Shafi, naye mtu wa uandishi wa habari, ameichezea mipaka hii kwa umahiri. Kuli, ya 1979, ina chini yake tukio la historia, mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Angeweza kutuandikia makala nzuri ya kumbukumbu. Badala yake tunafika kwenye mgomo kupitia maisha ya kijana Rashidi, na mgomo unapofika tunajua mgongo wake umebeba nini. Katika Haini, ya 2003, ameingia kwenye jambo lililomgusa mwenyewe: kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, ambayo naye alikuwa miongoni mwa waliofungwa. Jela ile amempa mhusika wake, Hamza. Safari zake za ujana, kwa upande mwingine, amezisimulia kama zake mwenyewe katika Mbali na Nyumbani. Mtu mmoja, maisha yaleyale, amechagua hili nalitoa kwa jina langu na hili nampa mwingine. Huo uchaguzi una sababu. Hamza anaweza kuogopa kwa namna ambayo shahidi hapendi kuogopa mbele ya watu, na mwandishi anaweza kuingia kichwani mwa askari wa zamu, mahali ambapo mwandishi wa kumbukumbu haruhusiwi kukanyaga.

Shaaban Robert aliujua mlango huu wa kubuni zamani. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliandika maisha yake mwenyewe na wasifu wa Siti binti Saad, na alipotaka kusema juu ya watawala wasiosikiliza akajenga nchi inayoelea hewani, akamsimamisha mhusika wake Karama mahakamani. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, mkoloni akiwa bado ofisini.

Lakini mlango huo usimlevye mtu. Kuna wanaodhani kwamba wakiandika "hadithi hii ni ya kubuni" ukurasa wa mbele, wamepata ruhusa ya kumalizana na bosi wao. Kubadili jina hakutoshi. Ikiwa walio karibu naye wanamtambua kwa kazi yake, kilema chake na gari lake, kesi ya kashfa inawezekana hata kama umemwita Mzee Kobe. Naongeza la kiufundi, maana sheria waulizwe wanasheria: mhusika aliyenakiliwa kutoka kwa mtu mmoja unayemchukia huwa mbovu. Unamjua kwa nje tu, na hasira yako haimruhusu awe na jioni nzuri hata moja. Mchanganye na wengine. Mpe ucheshi wa mjomba wako, mpe ugonjwa wa jirani, mpe hofu yako mwenyewe. Akishakuwa mtu kamili, hatafanana tena na bosi wako, na hapo ndipo atakapoanza kutisha kweli.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni kuiacha riwaya kwa sasa. Chukua habari moja ndogo uliyoiandika mwenyewe, ile ambayo ulitoka nayo huku ukihisi kuna kitu kimebaki, uifanye hadithi fupi ya mahali pamoja na siku moja. Iandike mpaka mwisho bila kurudi nyuma kurekebisha. Hapa mtu wa gazeti ana faida kubwa, kwa sababu amezoea kumaliza saa ikifika, wakati washairi wangu bado wanatafuta neno la ubeti wa pili. Ikishatoka, iache ilale. Kisha futa aya ya kwanza uone kama hadithi inasimama. Mara nyingi inasimama, kwa kuwa aya ya kwanza ilikuwa ile ya gazeti, imejipenyeza tena. Tazama na ya mwisho, maana huko ndiko mapendekezo yanakojificha. Ukifika wakati wa kutuma kazi, milango ipo: Tuzo ya Safal-Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada, na Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu.

Msomaji wako wa kwanza asiwe mhariri wako wa gazeti. Atakurudishia ikiwa safi, na la muhimu atakuwa amelipandisha juu. Mpe mtu anayesoma kwa kupenda, fundi cherehani, muuguzi wa zamu ya usiku, na usimwulize ameionaje, maana atakwambia nzuri. Weka alama katikati ya kurasa, mwache afike hapo, kisha mwulize anadhani nini kitatokea. Akikisia sawasawa, ujue bado unaripoti. Akikisia vingine kwa hoja nzuri, uko mahali pazuri. Akikwambia hakuwa anadhani chochote, basi umemficha mno, au hukumpa mtu wa kumjali, na kazi ya kurekebisha iko kwenye kurasa za mwanzo.